Indiketa kwanza, usukani baadaye
Ndugu zangu madereva wa Dodoma, vumbi letu hili linafunika saiti mira, vioo vya pembeni, kabla hujafika Majengo. Weka kitambaa mlangoni, uzifute kila asubuhi. Halafu washa indiketa sekunde 3 kabla ya kukata kona: kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa hizo ni mita 40 hivi, wa nyuma ameshakuelewa. Ukiingia kushoto, tazama kioo, kisha geuza shingo kabisa. Bodaboda hupenya upande huo, na akishafika usawa wa mlango wako kioo hakimwonyeshi tena. Jana karibu na sokoni bajaji imegeuka ghafla bila taa wala mkono, mama mwenye beseni la nyanya akarukia mtaroni. Nyanya zote chini. Imeniuma sana. Na ukishakata kona, zima indiketa; ikiendelea kuwaka unamdanganya anayekufuata.