Kabla hujamwita seveya, jua kwanza unataka upimaji gani

Watu wengi wakisema "nataka kupimiwa kiwanja" wanadhani upimaji ni kitu kimoja, seveya (mpima ardhi) anakuja na mashine yake ya miguu mitatu, anachungulia chungulia, anakupa ramani, basi. Halafu ile ramani ikifika kwa mchoraji wa nyumba unaambiwa hii ya mipaka tu haitoshi, lete yenye kontua (mistari inayounganisha sehemu zenye kimo sawa), hapo unalipa mara ya pili. Kwa hiyo jiulize kwanza unatafuta jibu gani: kiwanja changu kinaishia wapi, ardhi yenyewe imelalaje, au nyumba ikae wapi hasa? Kila swali na upimaji wake.

Tuanze na wa mipaka maana huu ndio wenye kesi. Hapa seveya habuni mpaka, anautafuta. Anachukua hati na ramani za zamani, zako na za viwanja vya jirani, anatafuta bikoni (alama rasmi za kona za kiwanja) ardhini, anapima, analinganisha na makaratasi, na kama bikoni moja imeng'olewa anairudisha kwa kupimia kutoka zile zilizobaki. Ukuta wa jirani au ua wa michongoma usikudanganye, aliyeuweka huenda naye alikadiria tu. Upimaji huu fanya kabla ya kulipia kiwanja na kabla ya kujenga ukuta, na siku yenyewe waite majirani wawepo, wakiziona bikoni kwa macho yao maneno yanapungua.

Na tafadhali usipime mpaka kwa simu! GPS ya simu hata mahali pa wazi inaweza kukosea mita 5, chini ya miti au katikati ya maghorofa inazidi, wakati GPS ya seveya ikipata masahihisho kutoka kituo cha rejea (kilichokaa mahali panapojulikana kamili) inakosea sentimita 1 au 2 tu. Mita 5 ni chumba kizima, unaweza kujikuta umejenga sebule kwa jirani.

Kama ni kugawa ardhi, mfano ya urithi au unauza kipande, huo ni upimaji mwingine, unazaa viwanja vipya na lazima upitishwe na kusajiliwa na mamlaka ya ardhi, kupanda vigingi tu haitoshi.

Sasa wa sura ya ardhi, ambao wajenzi wengi wanauruka kuokoa hela. Huu unaonyesha miinuko na mabonde kwa kontua, pamoja na miti, mitaro, barabara, chemba za maji taka, nguzo za umeme. Kama kiwanja ni tambarare omba kontua za kila nusu mita, maana za mita 1 unaweza kupata mstari mmoja tu ukatiza katikati na usikuambie chochote. Faida yake unaiona kwenye mambo kama bomba la choo: la inchi 4 kwa kawaida linataka kushuka kama mita 1 kwa kila mita 40, sasa kama chemba ya mtaani iko juu kuliko sakafu yako ni bora ulijue kwenye karatasi kuliko jamvi likishamwagwa. Droni zinafanya kazi hii haraka ila penye vichaka picha zake zinaona majani, haziioni ardhi.

Ukishapata ramani na kibali, kinachofuata ni kuseti nyumba ardhini, yaani kuweka alama za pale kuta zitakapokaa. Mafundi wana kamba na ile tatu-nne-tano yao (pembetatu yenye pande za 3, 4 na 5, inayotoa kona ya mraba), na kwa nyumba ndogo inatosha kabisa kupata kona za mraba, pima diagonali mbili zikilingana uko sawa. Lakini nyumba inaweza kuwa mraba safi na bado imekaa pabaya, imeingia kwenye hifadhi ya barabara kwa mfano, ndiyo maana kamba zianzie kwenye bikoni na siyo kwenye ukuta wa mtu. Vigingi vya rejea viwekwe nje ya eneo la kuchimba, la sivyo siku ya kwanza ya msingi vyote vinaondoka na udongo.

Msingi ukiisha mrudishe seveya ahakiki kabla ya kupandisha kuta, kuvunja tofali za msingi kunauma ila kuvunja nyumba kunauma zaidi. Na udongo kama utabeba ghorofa usimuulize yeye, hiyo ni kazi ya injinia wa udongo.

Mkikubaliana andikeni: upimaji gani, kontua za kiasi gani, alama ya kimo (sehemu ya kudumu ambayo kimo chake kinajulikana) iachwe wapi, na kama ana leseni ya kugonga muhuri. Faili la kompyuta liombe kabla hujamalizia malipo, maana mchoraji akipewa karatasi tupu ataanza kuichora upya na hiyo gharama inarudi kwako.