Kitako cha bunduki kikukae wewe

Ndugu wawindaji wenye vibali, hasa wa Handeni na Pangani, msinunue bunduki kabla ya kujaribu kitako, ile sehemu ya nyuma inayokaa begani. Fungua chemba kwanza, pale risasi inapokaa, hakikisha haina risasi. Elekeza mtutu pasipo na mtu, fumba macho, ipandishe begani, laza shavu juu ya kitako, kisha fumbua. Jicho likikuta darubini ya kulengea palepale, kimekukaa. Ukilazimika kunyanyua shavu, kitako kiko chini mno, na teke la bunduki, ule msukumo wa nyuma inapofyatuka, utalipata shavuni. Fungia kipande cha ngozi juu ya kitako. Pimeni mkiwa na nguo za porini. Mimi nilipima kwa fulana, na joto letu la Tanga mjini; alfajiri ya baridi, nimevaa koti zito, kitako kikaninasa kwapani.