Kushika kipulizio cha saksafoni bila kuuma

Wiki iliyopita kijana wa bendi yetu ya kanisani aliniletea saksafoni yake ya alto akisema imeharibika: noti za chini hazitoki, za juu zinalia kama filimbi ya polisi. Nikamwambia afunue mdomo wa chini. Ndani kulikuwa na mistari ya meno, na sehemu mbili zimechubuka. Saksafoni ilikuwa nzima, yeye alikuwa anauma. Nami niliuma karibu mwaka mzima kabla ya kurekebishwa, kwa hiyo naandika hapa tulivyofanya jioni ile.

Hatua ya 1: Ridi
Ridi ni kile kipande chembamba cha mwanzi kinachotetemeka ukipuliza. Ilowanishe, ifunge kwenye kipulizio, ncha yake ilingane na ncha ya kipulizio. Anza na ugumu wa namba 2 au 2½. Wapo wanaompa mwanafunzi namba 3 eti azoee mapema, nami siafiki hata kidogo. Ridi ngumu ndiyo inayomfundisha mtu kubana taya.

Hatua ya 2: Mkanda
Kaza mkanda wa shingoni unaobeba saksafoni mpaka kipulizio kije chenyewe mdomoni, shingo yako ikiwa imenyooka.

Hatua ya 3: Uingize kiasi gani
Chukua karatasi nyembamba, ipenyeze kati ya ridi na kipulizio, ishushe taratibu mpaka igome. Weka alama ya penseli pembeni mwa ridi. Mdomo wa chini unakaa hapo. Ukiishia karibu na ncha, kabla ya alama, sauti inabanwa pua, ukiipita inapasuka.

Hatua ya 4: Umbo la mdomo
Meno ya juu yakae juu ya kipulizio moja kwa moja. Bandika hapo kipande cha raba, ni kitu kidogo lakini meno hayatelezi. Mdomo wa chini ufunike meno kidogo tu, wekundu mwingine ubaki nje. Sasa tamka "u" na ukaze pembe za mdomo kuelekea kati, kama unavyovuta kamba ya mfuko. Kijana wangu alikuwa anatamka "i", pembe zimevutwa nyuma kama anayetabasamu, ndipo taya likachukua kazi yote. Kidevu kiwe bapa, mashavu yasivimbe.

Hatua ya 5: Pima kwa kipulizio peke yake
Hapa usiwe na haraka. Chomoa kipulizio, kipulize bila saksafoni, kwa nguvu ya kawaida, huku programu ya kupima sauti ikiwa wazi kwenye simu. Cha alto kitoe A, ile ya hezi 880, oktavu moja juu ya A ambayo bendi hutunia. Cha saksafoni ya tena (tenor) kitoe G. Kikipanda zaidi ya hapo, unauma. Kikishuka sana, umelegea, ingawa wapiga jazi wengi hukaa chini kidogo kwa makusudi na sauti zao ni nzuri.

Lakini kabla ya kupuliza, angalia programu imewekwaje. Yangu ilikuwa imewekwa kwa alto, yaani inabadilisha majina ya noti. Kwa mpangilio huo A ya piano inaandikwa F#. Mimi sikujua. Nilipoiona F# nilidhani niko chini mno, nikabana, nikabana zaidi, mpaka A ikatokea. Ile "A" kwa piano ni C! Nilifanya mazoezi hivyo kwa majuma kadhaa, nikijifunza kuuma kwa bidii. Weka programu kwenye sauti ya piano, au bora zaidi, mtu akupigie A kwenye kinanda nawe uifuate kwa sikio.

Kijana alianza na B iliyokaribia C. Tulimshusha polepole: legeza taya, pembe zibaki pale pale, pumzi isipungue. Ilichukua kama dakika arobaini. Aliporudisha kipulizio, B♭ ya chini kabisa ilitoka mara ya kwanza, nene, akageuka kunitazama.

Hatua ya 6: Noti ndefu
Dakika kumi kila siku, kuanzia G ya kati kushuka. Pembe za mdomo zikichoka na kutetemeka, pumzika, ni misuli inajengeka. Ikiuma nyama ya ndani ya mdomo wa chini, rudi hatua ya 5 siku hiyo hiyo.