Somo: Kuunda kiakisi cha rada kwa mashua ya mbao

Rada ya meli hupiga mawimbi ya redio kwa vipindi vifupi, kisha hunyamaza isikilize. Kitu kilicho umbali wa maili moja ya baharini (mita 1,852) hurudisha mwangwi baada ya kama sehemu 12 za milioni za sekunde; kwa muda huo rada hujua umbali. Mbao hurudisha mwangwi dhaifu mno, kwa hiyo mashua inayovua usiku Mkondo wa Pemba yaweza isionekane kabisa. Kiakisi ni kifaa cha bamba la madini kinachorudisha mwangwi wenye nguvu badala ya mbao.

Tafuta bamba la alumini lililonyooka, unene milimita 2, sentimita 40 kwa 120, pamoja na vipande vya L vya kuunganishia, ribiti na skwea ya kupimia pembe.

1. Kata mabamba matatu ya 40 kwa 40. Moja libaki zima, la pili lipasue vipande viwili vya 40 kwa 20, la tatu vinne vya 20 kwa 20.

2. Simamisha vile viwili katikati ya bamba zima, kimoja juu, kimoja chini. Vinne vikatize vile viwili katikati, kimoja kila upande, juu na chini. Utapata mifuko minane.

3. Hapa usiharakishe. Wimbi likiingia mfukoni hugonga kuta tatu likarudi lilikotoka, ila pembe zote ziwe nyuzi 90. Zikikosea nyuzi mbili tatu tu, mwangwi huenda kando. Pima kingo mbili za nje za kuta zinazopakana: lazima ziachane sentimita 28.3. Kiakisi kilichokanyagwa kikapinda, kiunde upya.

4. Toboa pembe za nje za kuta tatu za mfuko mmoja, funga kamba tatu sawa, kining'inize mlingotini mfuko huo ukitazama juu, kama unaokinga mvua. Kikiwa chini, mawimbi ya bahari hukificha.

Suali: Mwalimu, bati la kuezekea halifai?
Jawabu: La migongo halifai, halitoi ukuta bapa. Bati lililonyooka linafaa, ila hushika kutu.

Suali: Nikiunda cha sentimita 80?
Jawabu: Mwangwi huongezeka mara 16, umbali wa kuonekana mara 2 tu. Uzito nao hutoka kilo 2.6 hadi zaidi ya 10. Mlingoti wa ngalawa utateseka.

Suali: Karabai haitoshi?
Jawabu: Rada haioni mwanga. Karabai ni kwa macho ya mlinzi wa zamu, iwashe vilevile.

Suali: Na kusi likichafuka?
Jawabu: Mawimbi ya bahari nayo hutoa mwangwi, nahodha huuchuja, na mwangwi wako mdogo waweza kufutwa pamoja nao. Mvua kubwa ya masika huleta shida hiyo hiyo. Ukiona taa za meli, ondoka njiani mapema.