Somo: Servo kwenye Arduino (someni kabla ya kuuliza)

Nimechoka kuulizwa "mbona servo yangu yatetemeka?" Basi haya. Servo ni mota ndogo inayogeuka mpaka pembe unayoiagiza; Arduino ni bodi ndogo ya umeme unayoipangia kazi kwa kompyuta. Mradi ni kizuizi kinachoinuka kama cha kule kivuko cha Likoni, na servo ni SG90, ile ndogo ya buluu ya gramu 9.

1. Waya wa kahawia ni hasi, mwekundu ni chanya, wa chungwa ni wa ishara: uende pini 9.

2. Pakia mfano wa Sweep, programu fupi inayokuja na Arduino ya kuipeleka servo huku na huku.

3. Umeme. Hapa ndipo nilipoaibika. Nilivuta chanya kutoka pini ya 5V ya bodi, na servo tupu ikazunguka vizuri. Siku ya maonyesho, fimbo ya kizuizi ikiwa imefungwa na wazazi wamekaa, bodi ikawa yazima na kuwaka, fimbo yatikisika kama mwenye homa. SG90 ikikwama huvuta karibu miliampia 700. USB ya kawaida ya kompyuta, inayoilisha bodi, ni 500. Servo ipe betri zake, AA 4. Hasi ya betri LAZIMA iungane na GND (pini ya hasi) ya bodi, la sivyo ishara haieleweki. Chanya ya betri isiguse 5V ya bodi. Narudia: isiguse.

4. Iamuru servo digrii 90 kwanza, ndipo ukaze mkono wake. Usiuzungushe kwa nguvu. Meno ya ndani ni plastiki.

MASWALI

— Yangu yatetemeka.
— Hatua ya 3.
— Nishasoma, betri nimeweka.
— Na hasi umeiunga na GND?
— Hasi gani?
— Hatua ya 3.
— Mbona mkali hivyo?
— Si ukali. Nimeiandika kwa herufi kubwa.

— Fundi, servo hujuaje kuwa imefika digrii 90?
— Swali tamu hilo. Bodi hutuma mpigo wa umeme kila milisekunde 20; wa milisekunde 1.5 ni katikati. Ndani mna potenshometa, kipinga-umeme kinachobadilika kikizungushwa, inayozunguka pamoja na mhimili, saketi hulinganisha mahali ulipo na ulipoagizwa, mota husukuma mpaka tofauti iishe. Iguse taratibu ikiwa na umeme, utaisikia yakataa.

— Taa yangu ya pini 10 haififii tena.
— Kwenye Uno, bodi ya Arduino iliyo ya kawaida, maktaba ya Servo (programu iitumiayo Sweep) huzima PWM, yaani mipigo ya haraka inayofifisha taa, ya pini 9 na 10. Ihamishie pini 6.

— Betri zangu mpya, lakini kizuizi chapanda kivivu.
— Wakaa karibu na bahari?
— Nyali.
— Tazama springi za kibebeo cha betri. Zangu zilikuwa na kutu chini kabisa, usipozitoa betri huioni.
— Kweli ipo! Nisugue na nini?
— Msasa laini.
— Mimi hutumia kifutio cha kalamu, kile kigumu cha buluu.
— Hiyo sikuijua. Ahsante.