Kuhamisha mafaili ya wateja kwa vitufe vitatu

Kwenye steshenari za Ngamiani hapa Tanga, mteja akituma kitu kwa WhatsApp ukakipakua, kinatua kwenye folda ya Downloads. Ikifika jioni, vyeti vya huyu vimechanganyika na barua ya maombi ya yule. Windows inaweza kuyahamisha mafaili hayo kwa mpigo mmoja wa kibodi, bila kusakinisha programu nyingine.

Fungua Notepad, andika:

@echo off
if not exist "D:\Wateja" mkdir "D:\Wateja"
move /-Y "%USERPROFILE%\Downloads\*.pdf" "D:\Wateja"
pause

Kompyuta isiyo na diski D, weka C kila palipo na D:. Wakati wa kuhifadhi, kwenye "Save as type" chagua "All files", jina liwe hamisha.bat (.bat ni faili la amri ambazo Windows huzitekeleza ukilibofya), uliweke Documents. Usipochagua hivyo, Notepad inaweza kubandika .txt mwishoni, na ukilibofya linafunguka kama maandishi tu.

Hiyo /-Y usiiache hata kidogo. Amri ya move ikiwa ndani ya faili la .bat huwa haiulizi: ikikuta jina lilelile kule inakopeleka, inafuta la zamani na kuweka jipya, kimya kimya. Wateja wawili wakileta "CV.pdf", wa asubuhi kazi yake imepotea. Ukiweka /-Y, utaulizwa "Overwrite D:\Wateja\CV.pdf? (Yes/No/All):". Jibu N kisha Enter. Faili linabaki Downloads, ulibadilishe jina ndipo ulihamishe. Usijibu A kwa haraka ya foleni, maana hapo umeruhusu yote yafutwe.

Sasa bofya kulia hamisha.bat, nenda "Send to", chagua Desktop. Kwenye Windows 11 anza na "Show more options". Bofya kulia ikoni iliyotokea Desktop, fungua "Properties", weka kishale kwenye "Shortcut key", bonyeza W. Windows yenyewe itaandika Ctrl + Alt + W. Kwenye "Run" acha "Normal window", kwa sababu dirisha likijificha chini hutaliona swali. Bonyeza OK, ujaribu. Kwa mafaili ya Word, tengeneza .bat nyingine yenye *.docx na herufi yake.

Vitufe visipoitika, mara nyingi ikoni imeondolewa Desktop na kutupwa ndani ya folda, irudishe. Herufi F na M ziepuke: ndani ya Word, Ctrl + Alt + F huweka tanbihi na M huweka maoni. Kibodi ikiwa imepangwa Kiingereza cha Uingereza, epuka pia irabu, maana zinatoa á na é.

Faili lililo wazi kwenye Word haliondoki mpaka ulifunge. Kwa flashi, tumia copy badala ya move, na hakiki herufi yake kwanza: leo E, kesho ikichomekwa pamoja na nyingine inaweza kuwa F.