Ghala, behewa na kontena juu ya meza ya cherehani: kujenga TAZARA kwa kipimo cha 1:64

Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanjelwa, Mbeya. Jioni wateja wakishapungua nasukuma mashine pembeni, na meza niliyokatia sare za shule inageuka karakana ya reli. Haya ninayoeleza ni kwa mtu anayetaka kujenga mfano mdogo wa kipande cha stesheni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kwa vitu vya sokoni, bila kusubiri mzigo kutoka nje.

Kabla ya mkasi, kipimo. Video nyingi za mtandaoni zinatumia 1:87, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87, maana ndicho kinachouzwa zaidi duniani, na reli zake mbili zimeachana kwa mm 16.5. Kwa nchi ambazo reli yao halisi ni mm 1,435 hesabu inakaa vizuri. TAZARA ni mm 1,067. Ukijenga behewa letu kwa 1:87 ukaliweka juu ya reli hiyo, litakuwa limepanua miguu, kwa sababu lilihitaji mm 12 na kidogo tu. Sasa gawanya 1,067 kwa 64. Unapata 16.67. Tofauti yake na 16.5 huioni hata ukivaa miwani. Wajenzi wa New Zealand, ambao reli zao nazo ni mm 1,067, wanaitumia hesabu hiyohiyo. Na kuna nyongeza: vile vigari vidogo vya chuma vya kuchezea watoto vingi vinakaribia 1:64, kwa hiyo pikapu ya kuegesha nje ya ghala unainunua mnadani.

Kwa kipimo hiki mita moja ni mm 15.6. Mtu wa sm 170 ni mm 26.5, mlango wa sm 210 ni mm 33. Mimi nimechora utepe wa manila wenye alama kila mm 15.6, nikaubandika ukingoni mwa meza, na mahesabu mengi ya jioni yameishia hapo. Mita kumi ni mm 156. Usijaribu kukariri zaidi ya hapo.

Kupima vitu halisi kunataka adabu. Stesheni si mahali pa kuzungukazunguka na kamera. Nenda kwa mkuu wa stesheni, jitambulishe, mwambie unatengeneza mfano wa jengo, umwombe ruhusa. Akikukatalia, shukuru uondoke. Akikuruhusu, piga picha ukutani kwa kusimama sawasawa mbele yake, si kwa pembe, na umsimamishe mwenzako hapo akiwa ameshika fimbo ya mita moja. Fimbo hiyo ndiyo itakayokupa vipimo vyote ukifika nyumbani. Jengo la abiria la Mbeya ni kubwa mno kwa meza ya kawaida, na mimi sikushauri uanze nalo. Anza na ghala la mizigo la bati. Mita 12 kwa 6 ni mm 188 kwa 94, linaenea juu ya sinia.

Kuta kata kwenye boksi gumu lisilo na mawimbi katikati; makasha ya mashati yanafaa kuliko yote. Bandika tabaka mbili kwa gundi nyeupe ya maseremala, uzikandamize chini ya kitu kizito mpaka asubuhi, la sivyo zitajikunja. Mimi katikati naweka gamu, ile ya kola za mashati, napiga pasi. Ukuta unanyooka na haupindi hata mvua za Machi zikilowesha hewa ya chumba. Milango ya ghala ni ya kusukuma pembeni, kwa hiyo ibandike kwa nje na uweke reli yake juu kwa kijiti cha kuchokonolea meno. Madirisha ni plastiki angavu ya kasha hilohilo. Kenchi na papi tumia vijiti vya mishikaki au vipande vya paini kutoka kwa seremala. Paini ya Mafinga imejaa mji mzima na mabaki yake hutozwi kitu.

Paa ndilo linalofanya mtu ainame kuangalia, kwa hiyo hapa tukae kidogo.

Bati la mawimbi ya duara lina mm 76 kutoka tuta hadi tuta. Gawanya kwa 64 unapata mm 1.19. Nenda duka la vifaa vya ujenzi uombe bolti ya spana 13, ndefu, yenye meno mpaka karibu na kichwa. Meno yake yanapishana kwa mm 1.25, karibu kabisa na kile tunachokitafuta. Muuzaji aliniuliza, “Sasa fundi, bolti bila nati utafungia nini?” Nikamwambia naezekea nyumba. Aliniangalia akanirudishia chenji.

Chukua sahani ya foili ya kuchukulia chipsi, kata kitako chake kilicho bapa. Foili ya jikoni ni laini mno, kopo la soda ni gumu mno. Iweke juu ya kipande cha tyubu ya baiskeli, kisha viringisha bolti juu yake kwa viganja viwili ukikandamiza, kwa mwelekeo mmoja, usirudi nyuma. Matuta yatajitokeza yamenyooka ila yameegemea upande kidogo, kwa sababu meno ya bolti yamezunguka kwa mshazari. Usipambane nayo. Zungusha foili, ukate kwa kufuata matuta yenyewe, na bati litakuwa limenyooka. Bati la futi 10 ni mm 47.6, upana wake kata mm 13. Kata moja moja, kama fundi paa anavyonunua, usibandike shuka zima. Anza chini kwenye ukingo wa paa, panda juu, kila bati lilalie jirani yake kwa tuta moja. Hayo maungio ndiyo jicho linayoyatafuta.

Misumari sasa. Sisi mafundi cherehani tuna kile kigurudumu cha meno cha kuhamishia alama za mchoro kwenye kitambaa. Kipitishe upande wa chini wa bati, juu ya flaneli, kwa mkono mwepesi sana, pale tu ambapo papi itakuwepo. Upande wa juu utaona mstari wa vinundu vidogo. Mwangaza wa dirishani ukipiga kwa ubavu, vinaonekana vyote. Mkono ukizidi uzito matuta yanalala, na bati hilo litupe tu, foili ipo. Asiye na kigurudumu atumie sindano butu, akivumilia.

Foili haishiki rangi ya maji. Isugue kwa msasa laini, pangusa kwa spiriti, puliza praima ya mafundi rangi wa magari kwa umbali wa mkono mmoja, tabaka jembamba. Kubandika kwenye papi tumia gundi ya viatu, ukipaka pande zote mbili na kuacha ikauke kidogo kabla ya kugusanisha.

Kuhusu gundi, neno moja la plastiki. Pindua kopo uangalie namba ndani ya pembetatu. Namba 6 inashika vizuri kwa supagluu. Namba 5 na namba 2 utabandika leo na kesho kipande kitakuwa sakafuni. Mabaki ya dari za PVC kutoka kwa wanaopiga siling ni mazuri kuliko hayo yote, yanakatika kwa wembe na yamenyooka.

Behewa la kuanzia liwe bapa, maana halina kuta. Sakafu ya PVC mm 200 kwa 42 inabeba kontena mbili za futi 20. Chini yake weka mihimili miwili mirefu, inene katikati na ipungue kuelekea ncha. Wanaoanza wengi huacha chini patupu wakidhani hapaonekani, lakini behewa bapa likiwa halina mzigo chini yake ndipo penye kila kitu: silinda ya breki, tangi la hewa, mabomba. Silinda ni kipande cha kalamu ya wino, mabomba ni waya wa simu uliochunwa, ngazi ya pembeni ni pini za kushonea zilizokatwa vichwa. Magurudumu ya behewa la mizigo huwa na kipenyo cha sm 80 mpaka 90, kwa hiyo kifungo cha koti cha mm 13 kinatosha. Ziba matundu yake kwa gundi na unga wa msasa. Hilo ni behewa la kukaa. La kukimbia linataka magurudumu ya chuma yenye ukingo, na hayo utaagiza.

Kontena ni zawadi kwa mjenzi, kwa sababu vipimo vyake ni vilevile dunia nzima. Ya futi 20 inakuwa mm 94.7 kwa urefu, 38 kwa upana, 40.5 kwa kimo. Tengeneza kasha la boksi, kisha bandika ubavuni vipande vya manila vya upana wa mm 1.6, kimoja kila mm 4.4. Kazi ya kuchosha. Weka redio.

Ukitaka mzigo wa TAZARA hasa, weka shaba. Reli hii ya km 1,860, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ilikusudiwa kuipa Zambia njia ya kupeleka shaba yake bandarini Dar es Salaam. Watu huirundika shaba kwenye behewa mpaka juu, na hapo ndipo mfano unapoharibika. Tani moja ya shaba haijazi hata sehemu ya nane ya mita ya ujazo. Behewa lililofikia uzito wake linaonekana kama limebeba nusu. Kata miraba ya manila ya mm 16, bandika kumikumi kwa tabaka, paka rangi ya kahawia yenye wekundu, funga kwa uzi mweusi, uziache fungu moja moja, chini, zimetengana.

Uchakavu. Angalia jengo lolote la Mbeya mwezi wa Aprili: matone ya paa yanarusha udongo mwekundu ukutani mpaka karibu sm 40 kutoka chini. Kwetu hapa ni mm 6. Chekecha udongo wenyewe kwa soksi nyembamba ya kike, usugue kwa brashi kavu, mzito chini na ukififia juu. Kutu kwenye bati hushuka kutoka kwenye misumari na maungio, haitapakai ovyo. Chaki ya fundi ya kahawia iliyosagwa inatosha. Rangi zote zipauke kidogo kuliko za kweli, maana kitu kidogo chenye rangi kali hudhaniwa ni cha plastiki.

Mataruma ya TAZARA, yale magogo ya kulalia reli, kwa sehemu kubwa ni ya zege, hivyo usipake rangi ya mbao. Kipande cha PVC cha mm 31 kwa 4, rangi ya kijivu yenye vumbi, kimoja kila mm 10. Kokoto ni vumbi la mashine ya kusaga kokoto, lililochekechwa libaki punje za chini ya mm 1. Kwa mwamba wa kandokando tumia yale mawe mepesi ya volkano ya upande wa Rungwe, unayachonga kwa kisu cha jikoni. Kokoto imwage ikiwa kavu, itandaze kwa brashi, ilowanishe kwa maji yenye tone la sabuni ya vyombo, kisha dondosha gundi nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu kwa bomba la sindano. Bila ile sabuni, gundi itasimama juu kama shanga na kuhamisha punje. Iache usiku kucha kabla hujaweka behewa, maana gundi mbichi ikishika vifungo hutavitoa bila kuvunja ekseli.